Je, imani inaweza kumponya mtu anayetaka kila kitu kiwe kamili?

Mwalimu_Iringa anauliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Iringa, Mkristo wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), mke na mama wa watoto wawili. Ninaleta kwenu jambo ambalo kwa muda mrefu nililihesabu kuwa sifa njema, na ambalo sasa linaninyima usingizi na kuwachosha walio karibu nami.

Siwezi kuiachia kazi. Andalio la somo ambalo wenzangu huliandika kwa nusu saa, mimi hulirudia hadi usiku wa manane, na nikikuta neno moja limekatwa kwa kalamu, huichana karatasi nzima na kuanza upya. Nikisahihisha mitihani, huirudia ile ya mwanzo baada ya kumaliza ya mwisho, kwa hofu kwamba huenda sikumtendea haki mwanafunzi fulani. Barua yangu ya kuomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili imo kwenye kompyuta, imeandikwa na kuhaririwa, na kila mwaka dirisha la maombi hufungwa nikiwa bado naitengeneza. Watu hunisifu kwa umakini. Hawajui kwamba kinachonisukuma si kuipenda kazi, bali ni woga wa kuonekana nina upungufu.

Jambo hili limeingia hata katika sala. Nikiomba usiku na mawazo yakahama kidogo, huona kwamba sala ile haikuwa sala, nikaianza tena. Nikitubu dhambi, kesho yake huitubu ileile, kwa kuwa sina hakika kama nilijuta vya kutosha. Mume wangu, ambaye ni mtu wa utani, aliwahi kuniambia kwamba Mungu alikwisha kunisikia tangu mara ya kwanza na sasa anangoja nilale ili na Yeye apumzike. Nilimjibu kwamba Zaburi inasema halali wala hasinzii, tukacheka, kisha nikaenda jikoni kulia peke yangu.

Kilichonifanya niandike leo ni binti yangu aliye darasa la tano. Nilimkuta mezani akiandika kazi ya nyumbani. Aliandika neno, akalifuta kwa raba, akaliandika tena, akalifuta, mpaka karatasi ikatoboka, naye akaanza kulia huku mikono inatetemeka. Neno lenyewe halikuwa na kosa lolote. Herufi moja tu ilikuwa imeegemea upande. Hakuna aliyemfundisha jambo hilo kwa maneno. Ameliona kwangu.

Nimerudi kwenye Biblia kutafuta nafuu, lakini kila mara ninakutana na mistari inayonishitaki: “Basi ninyi mtakuwa wakamilifu, kama Baba yenu wa mbinguni alivyo mkamilifu” (Mathayo 5:48), na ule wa Wakolosai 3:23 unaotutaka tulifanye lolote tulifanyalo kwa moyo, kama kwa Bwana. Ikiwa ninafanya kazi kwa ajili ya Bwana, ninawezaje kumpa kitu chenye kasoro? Je, hali yangu ni utii, ni dhambi, au ni ugonjwa? Na mtu wa imani huanzia wapi kuiacha bila kuwa mzembe?

Mwinjilisti_Njombe anajibu:

Asifiwe milele, dada Mwalimu. Nitaanza na mstari unaokushitaki, kwa sababu naona umeunyofoa kutoka mahali pake na kuutundika peke yake ukutani.

Mathayo 5:48 ni hitimisho la maneno yanayoanzia mstari wa 43, na habari inayozungumzwa hapo ni kuwapenda adui. Yesu anasema kwamba Baba “huwaangazia jua lake waovu na wema, huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki,” kisha anauliza kuna thawabu gani katika kuwapenda wanaotupenda. Ukamilifu wa Baba unaoelezwa hapo ni upana wa upendo wake usiochagua. Luka anapoyaandika mafundisho hayohayo juu ya adui anayamalizia hivi: “Basi, iweni na huruma, kama Baba yenu alivyo na huruma” (Luka 6:36). Kwa hiyo, ukiutumia mstari huu kujihukumu kwa sababu ya neno lililokatwa kwenye andalio la somo, unautumia kinyume kabisa cha makusudi yake, kwa maana unajinyima wewe mwenyewe ile huruma ambayo mstari unakuagiza umpe hata adui yako.

Ninakuomba usome pia mfano wa talanta katika Mathayo 25, hasa yule mtumwa wa tatu. Sisi wahubiri tumezoea kumwita mvivu na kuishia hapo, kwa kuwa ndivyo bwana wake alivyomwita, lakini sikiliza anavyojieleza: “Bwana, nalitambua ya kuwa wewe u mtu mgumu, wavuna usipopanda, wakusanya usipotawanya, basi nikaogopa, nikaenda nikaificha talanta yako katika ardhi.” Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Mtu huyu alifukia ardhini kazi ya karibu miaka ishirini kwa sababu hakuwa tayari kurudisha faida yenye kasoro. Wenzake wawili walifanya biashara, na sijui biashara isiyo na siku ya hasara. Tofauti kati yao na yeye haikuanzia mikononi. Ilianzia katika picha ya bwana wao waliyokuwa nayo moyoni. Barua yako ya chuo, dada yangu, iko ardhini, na ninadhani unajua ni picha gani ya Bwana iliyoizika.

Kwa kuwa wewe ni Mlutheri, ruhusu nikukumbushe habari za mtu ambaye kanisa letu linaitwa kwa jina lake. Martin Luther aliingia katika nyumba ya watawa wa Kiaugustino mjini Erfurt mwaka 1505, akapewa upadre mwaka 1507. Alifunga, alikesha, alisali kupita wenzake, na baadaye alisema kwamba kama kungekuwa na mtawa wa kufika mbinguni kwa utawa wake, basi angekuwa yeye. Alipokwenda kuungama alitumia saa nyingi, akaondoka, kisha akakumbuka kitu kingine na kurudi. Mkuu wake, Johann von Staupitz, alichoka naye, lakini hakumwacha. Alimwelekeza amtazame Kristo aliyejeruhiwa badala ya kujitazama mwenyewe. Luther hakutulizwa na ungamo lililokamilika kuliko yote, kwa sababu ungamo la namna hiyo halikupatikana. Alitulizwa alipoielewa Warumi 1:17, kwamba haki ya Mungu inayotajwa pale ni ile ambayo Mungu humpa mwenye dhambi kwa imani.

Na aliyejifunza kwa maumivu hakuwaacha wengine waumie. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani, ambayo wewe na mimi tuliikariri kabla ya kipaimara, anaandika kwamba mtu asiyejiona amelemewa na dhambi fulani asihangaike kutafuta au kubuni nyingine na kuligeuza ungamo kuwa mateso. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, yaani tamko la imani la Walutheri, katika kifungu cha 11, linasema si lazima kuzitaja dhambi zote, na linatoa sababu yake katika Zaburi 19:12: “Ni nani awezaye kuyatambua makosa yake?” Hata sala ya jioni katika Katekisimu hiyo inafuatwa na agizo ambalo wengi wetu tunalipita bila kuliona: baada ya kusali, nenda ukalale mara moja kwa moyo mkunjufu. Kumbe mumeo, katika utani wake, alikuwa mwalimu mzuri wa Katekisimu.

Fundi_Dodoma anajibu:

Shalom. Namheshimu Mwinjilisti na sina ugomvi na maandiko aliyoyatumia, lakini lazima mtu aseme upande wa pili, maana katika makanisa yetu ugonjwa ninaouona zaidi ni ule wa “bora liende”. Kwaya inasimama mbele ya ibada bila mazoezi, kisha tunaambiwa Mungu anaangalia moyo. Mhasibu wa usharika analeta taarifa isiyosomeka, na anayeuliza anaonekana hana upendo. Mimi ni fundi ujenzi. Nikijenga ukuta uliopinda siwezi kumwambia mwenye nyumba kwamba neema inatosha.

Biblia yenyewe inaheshimu kazi iliyonyooka. Katika Kutoka 31 Mungu anamjaza Bezaleli roho yake ili afanye kazi za dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Amosi anamwona Bwana amesimama karibu na ukuta akiwa na timazi mkononi. Malaki anawakemea makuhani waliokuwa wakileta madhabahuni wanyama vipofu na vilema. Kwa hiyo, dada Mwalimu, usikubali mtu akuvunje moyo kwa sababu unajali kazi yako. Watoto wanaofundishwa na mwalimu anayerudia andalio lake wana bahati kuliko wale wa mwalimu anayeingia darasani mikono mitupu. Hofu yangu ni kwamba tukimponya mmoja kwa maneno haya, wazembe kumi wataokota dawa isiyo yao.

Katekista_Machakos anajibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika kutoka Kenya, upande wa Kanisa Katoliki, na nitamwomba Mwinjilisti anisamehe nikiongeza kwamba hali ya Luther ilikuwa na ndugu zake hata kwa wale waliobaki katika Kanisa la Roma.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, aliyekuwa askari kabla ya kuwa mtu wa sala, alikaa Manresa nchini Hispania kati ya mwaka 1522 na 1523, na huko alishikwa na wasiwasi wa dhamiri wa namna hiihii. Alikuwa amekwisha kuungama dhambi za maisha yake yote kwa maandishi na kwa uangalifu mkubwa, lakini kila mara aliona kuna kitu kimebaki. Padre wake muungamishi alimwambia asirudie kuungama mambo ya zamani isipokuwa yale yaliyo wazi kabisa. Agizo lilikuwa jema, ila halikumsaidia, kwa sababu kwake yote yalikuwa wazi kabisa! Aliteseka hata akafikiria kujidhuru. Nafuu ilianza siku alipokata shauri kwamba dhambi za zamani hataziungama tena, na akalishika shauri hilo.

Naomba hapa tutue kidogo, kwa maana ndipo ninapotofautiana kidogo na Mwinjilisti. Yeye amekupa fundisho sahihi kuhusu Mungu, nawe bila shaka ulikuwa ukilijua tangu zamani. Hakuna Mlutheri asiyejua kwamba tunaokolewa kwa neema. Mtu mwenye wasiwasi wa dhamiri huweza kulihubiri fundisho hilo vizuri mchana na usiku akarudi kulihesabu: je, nimeamini neema vya kutosha? Anaigeuza hata imani kuwa mtihani mwingine. Kwa hiyo Ignasi, katika kanuni alizoziacha juu ya wasiwasi wa dhamiri ndani ya kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, anashauri tendo. Anasema roho iliyo nyepesi kuogopa, adui huisukuma iogope zaidi, na dawa yake ni kwenda upande ulio kinyume na msukumo ule. Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, ambaye Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1950 kuwa msimamizi wa waungamishi, naye alisumbuliwa na wasiwasi huo huo, na alisisitiza kwamba mtu wa namna hii amtii kiongozi mmoja wa kiroho hata pale moyo wake unapobisha.

Kwa lugha ya nyumbani: chagua mtu mmoja unayemwamini, mchungaji wako au mama mcha Mungu, umweleze yote mara moja, kisha ukubali neno lake kwamba imetosha. Usizunguke kutafuta wa pili na wa tatu wa kukuhakikishia. Sala ikikatika katikati, iendeleze pale ilipokatikia, usirudi mwanzo. Andalio likiwa na neno lililokatwa, lipeleke hivyohivyo kwa mwalimu wa taaluma, makusudi, na ukae na fadhaa itakayokuja bila kuitibu. Itakuja, nakuhakikishia. Wala si ishara kwamba umemkosea Mungu.

Muuguzi_Mwanza anajibu:

Habari zenu, wapendwa. Dada Mwalimu ameuliza kama ni ugonjwa, na naona swali hilo limerukwa. Mimi ni muuguzi, na siwezi kumpima mtu kupitia maandishi, lakini naweza kueleza mpaka ulipo.

Kupenda kazi safi si ugonjwa. Lakini kuna hali inayotambuliwa kitabibu ambapo mawazo ya hofu humjia mtu bila hiari, naye hulazimika kurudia tendo fulani ili kuituliza hofu hiyo, iwe kunawa mikono, kuhakiki mlango, kuhesabu au kusali. Kurudia huleta nafuu ya muda mfupi, kisha hofu hurudi ikiwa na nguvu zaidi, na mtu akazidi kurudia. Marudio hayo yakichukua zaidi ya saa moja kwa siku, au yakivuruga usingizi, kazi na ndoa, ni wakati wa kumwona daktari wa afya ya akili. Tiba ipo, ya mazungumzo na hata ya dawa, na katika ile ya mazungumzo mgonjwa hufundishwa hatua kwa hatua kuvumilia hofu bila kufanya lile tendo la kuituliza. Katekista ataona kwamba jambo hilo haliko mbali na ushauri wa mtakatifu wake.

Kwenda kliniki si kupungukiwa imani. Luka aliyeandika Injili anaitwa na Paulo “tabibu mpendwa”, na sijasoma popote kwamba Paulo alimtaka aache kazi yake. Na mtoto wako, mama, usimsubirie akue. Zungumza na mtaalamu mapema, hasa kama raba ile inatoboa daftari kila siku na si siku moja.

Mwalimu_Iringa anajibu:

Ninawashukuru wote, pamoja na Fundi, ambaye kwa kweli amesema sauti iliyo ndani ya kichwa changu. Muuguzi, nimekusikia, na nimezungumza na mume wangu. Tutakwenda hospitali ya rufaa pamoja na mtoto.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza ni la kazi: nitajuaje kwamba kitu kimetosha, ikiwa kipimo changu cha ndani kimeharibika? La pili ni gumu zaidi kulisema. Kwa muda sasa nimekuwa sishiriki Chakula cha Bwana. Ninakwenda ibadani, ninaimba, lakini wakati wa meza unapofika ninabaki kwenye benchi au ninatoka nje kana kwamba mtoto ananiita. Naogopa lile neno la 1 Wakorintho 11, la mtu anayekula mkate na kukinywea kikombe isivyostahili. Kila nikijitayarisha naona sijawa tayari.

Mama_Bukoba anajibu:

Mwanangu, pole. Mimi ni mzee, nimestaafu ualimu, na nilikulia katika nyumba ya watu wa Uamsho, ile harakati ya Wakristo ya toba na ushuhuda, huku Kagera. Acha niseme kuhusu mtoto kwanza, kwa sababu mtoto hangoji.

Uamsho ulituletea neno moja ambalo sijaona jingine la kulishinda: kutembea nuruni. Ulianzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ukavuka mpaka ukaja kwetu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwafanya watu waache kujifanya. Katika ushirika mtu alisimama akasema mbele ya wenzake, “Leo nimemkasirikia mke wangu, nimemwomba msamaha, na damu ya Yesu imenisafisha.” Wengine waliitikia kwa wimbo wa Tukutendereza, akaketi, basi. Hakuulizwa kama alijuta vya kutosha. Yohana anasema, “bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote” (1 Yohana 1:7). Utaona kwamba anayeenenda nuruni bado anahitaji kusafishwa. Nuru si mahali pa watu wasio na madoa.

Sitakuficha kwamba baadhi yetu tuliligeuza jambo hilo kuwa sheria. Tulianza kupimana kwa nywele, kwa mapambo, kwa namna mtu anavyotoa ushuhuda, na wapo vijana waliotukimbia kwa sababu hiyo. Paulo aliwaandikia Wagalatia maneno makali kuhusu hili: “Baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?” (Wagalatia 3:3). Tuliusoma mstari huo kila mara, na bado tulianguka katika shimo lake. Kwa hiyo usidhani uko peke yako, wala kwamba ni udhaifu wa wasomi tu.

Sasa mtoto. Usimhubirie. Ukimwambia “usiogope kukosea” huku wewe unachana karatasi, atafuata mikono yako. Kaa naye mezani, andika kitu mbele yake, kosea, kata neno kwa mstari mmoja, uendelee. Mwache akuone unampelekea baba yake chai iliyomwagika kidogo kwenye sahani bila kuomba radhi mara tano. Jioni, mnaposali pamoja, sema kwa sauti jambo moja ulilolikosa siku hiyo, mshukuru Bwana kwa msamaha, useme “Amina” na mzime taa. Mtoto atajifunza kwamba katika nyumba hii kosa lina mwisho. Na akileta daftari, usianze na alichokosa. Sisi walimu tuna ugonjwa wa kalamu nyekundu hata nyumbani.

Fundi_Dodoma anajibu:

Shikamoo, mama Bukoba. Dada Mwalimu ameuliza kuhusu kutosha, na hilo naweza kulijibu kwa kazi yangu.

Kijana anayejifunza kupiga lipu ana tabia moja. Ukuta umekwisha nyooka, pima maji inasema hivyo, lakini yeye bado anaona alama ndogo, anarudisha mwiko, analainisha. Lipu inapoanza kushika, kila anapoipapasa anaivuta kutoka ukutani, na saruji laini inapanda juu. Kesho yake ukuta una nyufa. Fundi mzoefu huacha mapema kuliko yeye, na ukuta wake ndio unaodumu. Haachi kwa sababu hajali. Anaacha kwa sababu kipimo chake kiko nje yake: kiko kwenye timazi, kwenye pima maji, kwenye makubaliano na mwenye nyumba. Kijana anapima kwa hofu yake, na hofu haina alama ya mwisho.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza kazi, andika imeombwa nini. Andalio la somo lina vipengele vinavyojulikana. Vikijaa, funga daftari. Barua ya chuo ina masharti yake. Yakitimia, mpe mumeo aitume yeye. Bado nasimamia niliyosema kuhusu wazembe wa kwaya, ila nakubali hawa ni wagonjwa wa aina mbili, na nilikuwa nampa mmoja dawa ya mwenzake.

Mwinjilisti_Njombe anajibu:

Fundi amenisaidia kazi, kwa hiyo mimi nitajibu lile la Meza ya Bwana peke yake.

Dada yangu, soma 1 Wakorintho 11 kuanzia mstari wa 17. Kosa la Wakorintho lilikuwa kwamba kila mmoja alitangulia kula chakula chake, “hata huyu ana njaa, na huyu amelewa,” na wenye mali waliwatahayarisha wasio na kitu. Walikuwa wakila isivyostahili kwa kuwadharau ndugu zao katika meza ileile iliyotangaza mauti ya Bwana. Paulo anawataka wajihoji, na mara anaongeza, “na hivyo aule mkate, na kukinywea kikombe.” Hajasema ajihoji kisha abaki kwenye benchi.

Katekisimu Ndogo inauliza swali lako kwa maneno karibu yaleyale: ni nani anayepokea sakramenti hii kwa kustahili? Jibu lake ni kwamba kufunga na kujitayarisha kwa mwili ni desturi njema, lakini anayestahili kweli na aliye tayari ni yule anayeyaamini maneno haya, kwamba mwili umetolewa na damu imemwagika “kwa ajili yenu” kwa ondoleo la dhambi. Katekisimu haikutaja kiwango cha majuto, wala haikudai sala isiyokatika. Hofu unayoihisi ni mojawapo ya mambo ambayo meza hiyo imeandaliwa kwa ajili yake, na Yohana anatuambia la kufanya nayo: “ikiwa mioyo yetu inatuhukumu, kwa maana Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote” (1 Yohana 3:20).

Mwone mchungaji wako kabla ya Jumapili, umweleze kwa kifupi ulichotueleza hapa, naye akikutangazia msamaha, usimwombe aurudie. Siku ya ibada keti na mumeo upande ambao huitwa mapema, na benchi lenu likisimama, simama nalo. Pengine mawazo yatahama ukiwa njiani kwenda altareni, utakumbuka sufuria uliyoiacha jikoni au daftari lisilosahihishwa. Endelea kutembea.